Kamba Tano za Kuanikia

Wiki iliyopita niliamua kuacha masomo. Niliamua nikiwa nimekaa kwenye ngazi za jengo moja pale Wandegeya, viatu nimevivua, miguu imevimba baada ya zamu ya asubuhi, nikisubiri mlango wa darasa la kompyuta ufunguliwe. Hospitali ninayofanyia kazi imeamua kwamba makaratasi yaishe. Kila mgonjwa, kila sindano, kila kipimo cha damu sasa kinaingizwa kwenye mashine, na sisi manesi tuliozoea kalamu tumepewa muda wa kujifunza. Atakayeshindwa atatolewa wodini apelekwe stoo ya mashuka. Hawakutuambia kwa ukali. Walituambia huku wakitabasamu, wakatupatia soda, na kijana mmoja aliyevaa tai akatueleza kwa muda mrefu faida za kuendelea kujifunza mpaka uzeeni. Kichwani hakuwa na hata unywele mmoja mweupe.

Sikatai maneno yake. Nilichoka tu. Mwenye umri wangu atanielewa: unafika mahali ambapo kazi yako unaiweza hata usingizini, unaona sasa utapumua kidogo, na hapo hapo anakuja mtu kukuambia urudi darasa la kwanza. Tena mwalimu mwenyewe, Ivan, ni rika la mwanangu wa mwisho, na ananiita mama kwa sauti ile ya kumvusha mzee barabara. Siku moja kabla nilikuwa nimemlaza mgonjwa wa mazoezi, asiyekuwepo duniani, katika kitanda cha mgonjwa mwingine asiyekuwepo, na Ivan akasema si neno, mama, si neno, mpaka nikatamani kulia.

Basi nilikuwa nimeshaamua. Nitavaa viatu, nitateremka, nitarudi zangu Kyebando nikalale, na hiyo stoo ya mashuka waniandalie kiti. Ndipo harufu ikanifikia. Askari wa hosteli ya jirani alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, ameuvua mkanda, anakisugua kwa kitambaa kile kichuma cha mbele, na pembeni yake kikopo cha dawa ya kung'arishia shaba. Harufu kali, inayokwangua pua, kama mafuta ya taa yaliyotiwa chaki. Tangu tumzike baba sikuwa nimeisikia. Nilibaki na kiatu kimoja mkononi.

Baba alikuwa sajini wa polisi, mpiga tromboni katika bendi. Kwetu ni kaskazini, lakini mimi nilizaliwa na kukulia kambini hapa Kampala, katika vile vyumba vya mabati vya duara ambavyo mchana hukuoka na mvua ikinyesha humsikii hata anayekupigia kelele sikioni. Kiswahili kilikuwa lugha yetu ya paredi, ya kugombania zamu bombani na ya kuita watoto waje kula. Mama zetu walijua lugha zao za nyumbani, jirani kila mmoja na yake, lakini ukitaka kumtukana mtu wa mlango wa pili ilibidi utumie ile ambayo wote mnaielewa.

Jumamosi baba alikuwa akija nyumbani na tromboni. Aliitandikia gunia sakafuni, akaifungua vipande vipande, akaisugua kwa ile dawa mpaka ukaona uso wako umevimba ndani ya shaba kama uso wa mtu anayeumwa jino. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika kitambaa cha pili, kile kikavu. Akishamaliza alipiga kidogo, akiwa amefumba macho. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote: macho yaliyofumbwa, mkono wa kulia unasukuma ule mrija mbele na kuuvuta nyuma, na uso umetulia kabisa, uso ambao siku nyingine hakuwa nao.

Sasa nitasema jambo ambalo wakati ule sikulijua, ili msisumbuke kama nilivyosumbuka mimi. Baba hakujua kusoma noti. Alifundishwa tromboni na mzee mmoja wa bendi kwa sikio tu. Alisikia wimbo mara moja, mara ya pili akaupiga. Karatasi ilikaa mbele yake kama ilivyokaa mbele ya kila mtu, na aliigeuza pale jirani yake alipogeuza. Hakuna aliyemuuliza. Halafu akaja kiongozi mpya wa bendi, mtu wa kutoka masomoni, akasema kabla ya sherehe kubwa za mwaka kila mpiga ala atasimama peke yake, atapewa karatasi ambayo hajawahi kuiona, na ataisoma. Asiyeweza atarudisha ala stoo na kupelekwa kwenye kazi za kawaida, na kazi za kawaida zilikuwa mbali, vituo vya mpakani, ambako mtu alikwenda akaacha watoto bila shule au akawabeba wakakae bila shule pamoja naye. Hicho ndicho kilichokuwa kikimkaba baba: tromboni, na nyumba yetu, vyote juu ya karatasi moja.

Mimi nilichokiona ni kwamba Jumamosi ilifika na tromboni haikuja. Kiongozi mpya alikuwa ameamuru ala zote zifungiwe stoo. Lakini mimi hakuna aliyenieleza. Niliona gunia limekunjwa nyuma ya mlango, harufu ya dawa imeanza kuisha chumbani, na baba hataki kuulizwa.

Halafu zikaja kamba. Nyuma ya nyumba tulikuwa na kamba moja ya kuanikia kama watu wote. Siku moja baba akasimamisha nguzo mbili ndefu, akafunga kamba tano, moja juu ya nyingine, ya chini kabisa karibu iguse nyasi. Mama alilalamika kwamba nguo za juu zitazidondoshea maji za chini, na za chini zitaliwa na mbuzi. Baba akamwambia avumilie. Na kuanzia hapo, jioni baba akitoka kazini, alikuwa akianika nguo mwenyewe.

Inabidi uwe umekulia kambini ndipo ujue maana yake. Mwanamume mwenye tepe tatu begani haaniki nguo. Anayeonekana anafua na kuanika mchana kweupe ni yule aliyekosa, aliyepewa fatiki, kazi ya adhabu, kama wale wanaokata nyasi za uwanja kwa mapanga huku wenzao wanapita wakicheka. Na baba hakuanika kama mama. Alichukua soksi nyeusi za kazi akaziweka hapa moja, pale moja, moja kamba ya pili, moja katikati ya kamba na kamba kwa kuifunga na pini. Kisha nepi nyeupe za mdogo wangu, nazo hivyo hivyo, zimetawanyika kama zimerushwa na upepo. Alipomaliza alisimama mbele yake wima, akazitazama.

Na hakuwa peke yake. Alikuwapo Konstebo Nakato, msichana aliyetoka depo ya mafunzo si zamani, mwembamba, mkanda umemzunguka karibu mara mbili. Alikuwa amelelewa na masista kwenye shule ya kanisa, huko akasoma muziki, na alipelekwa bendi moja kwa moja. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na fimbo ya mwanzi mkononi. Aligusa soksi kwa fimbo, na baba akasukuma mkono wa kulia mbele, hewani, hana kitu mkononi. Akagusa nyingine, baba akauvuta. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, jasho linamtoka.

"Tena," akasema Nakato.

"Ndiyo, afande," akajibu baba.

Nilikuwa nimejificha nyuma ya pipa la maji, nikayasikia yote. Nakato hakuwa na tepe hata moja. Asubuhi kwenye paredi yeye ndiye aliyempigia baba saluti na kumwita afande. Na katika maisha yangu yote ya kambini nilikuwa nimejifunza kwamba kati ya watu wawili afande ni mmoja tu. Haiwezekani mkawa mnaitana hivyo nyote wawili. Ni kama kusema mlima uko juu na bonde nalo liko juu.

Ushahidi wa mwisho niliupata kwenye zile zile kamba. Shati la baba la kazi lilikuwa limeanikwa, na begani tepe hazikuwepo. Zilikuwa zimefumuliwa, na mahali pake kitambaa kimebaki na rangi iliyokolea kuliko shati lote. Tromboni imechukuliwa. Tepe zimetolewa. Baba anaanika nguo, na konstebo mdogo anamfanyisha kwata ya mkono mmoja huku amekaa kwenye ndoo. Nilijua. Baba yangu amevuliwa cheo, na wakubwa wananificha mimi tu.

Sikumwambia mama, kwa sababu niliona kama hajui atakufa kwa huzuni, na kama anajua basi amechagua kunyamaza. Nilimwambia Mama Halima, jirani yetu, Mnubi, mwanamke mpana mwenye moyo mpana zaidi, ambaye babu zake walikuwa askari kabla baba zetu hawajajua askari ni nini. Kambi aliiona kama ukumbi wa nyumba yake. Alikuwa anasuka mkeka wa rangi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka mkeka chini, akajifunga leso kiunoni.

"Kuja," akasema.

Tulizunguka nyumba. Baba alikuwa wima mbele ya nguo, mkono umenyooka mbele. Nakato alikuwa anainua fimbo.

"Wewe musichana!" Mama Halima alianza kupiga kelele kabla hajafika. "Nani alikupa ruhusa ya kusumbua muzee wa watu? Hii muzee iko na tepe tatu! Wewe iko na ngapi? Onyesha mimi!"

Nakato aliruka kutoka kwenye ndoo, fimbo ikamponyoka. "Nyabo, bambi, mama, tafadhali, mimi hapana sumbua yeye."

"Hapana sumbua? Mimi naona na macho yangu! Jua yote hii, muzee anapiga kwata kama rukurutu! Wallahi mimi napeleka wewe kwa mukubwa wa kambi sasa hivi!"

"Mama Halima," baba akasema. "Wacha mutoto. Ni mimi nimeomba."

"Umeomba nini? Umeomba azabu?"

"Nimeomba kusoma."

Mama Halima alimtazama, akatazama soksi, akamtazama tena. "Kusoma nini? Wewe si unajua kusoma? Kila Jumapili unasoma Biblia kwa sauti, mupaka mimi Muislamu najua umefika wapi."

Baba alishusha mkono. Alikuwa na namna ya kufuta uso kwa kiganja, kutoka juu kwenda chini, kama anafunga pazia. "Noti," alisema. "Ile kusoma ya muziki. Mimi sijui. Miaka yote hii nadanganya."

Aliyasema kwa sauti ya chini, lakini Mama Halima alikuwa amekwisha kuwatoa watu wote nje. Juu ya ua wa matete upande wa pili kilitokea kichwa cha Koplo Odong, mpiga besi wa bendi, na mdomo wake ulikuwa wazi tayari. "Sajini hajui noti!" akaita, kana kwamba anatangaza matokeo ya mpira. "Jameni, Sajini hajui noti!" Nikasikia kicheko kinakwenda mlango hadi mlango mpaka mwisho wa mstari wa nyumba. Nakato aliokota fimbo yake akaondoka ameinamisha kichwa. Mama Halima alisimama tu, leso kiunoni, ametafuta vita akakosa adui. Mimi nilitaka ardhi inimeze, na sikujua hata ni kwa nini, kwani kumbe hakuna aliyemwonea baba. Nadhani ilikuwa ni ule uso wake.

Jioni ile alikula kidogo. Mama alikuwa anambembeleza mdogo wangu kwa mguu huku anachambua mboga.

"Nimechoka," baba akasema. Sikuwa nimewahi kumsikia mtu mzima analisema neno hilo hivyo, bila kutaja ni kazi gani imemchosha. "Afadhali nirudishe tromboni. Wanipeleke wanakotaka. Huko mupakani nitalinda geti. Geti haina noti."

Mama alimaliza fungu la mboga lililokuwa mkononi. "Kesho nafua," akasema. "Mutaanika, ama hamutaanika?"

"Watu wote sasa wanajua."

"Kama wanajua, si hakuna ya kuficha? Mimi nataka kujua tu. Kama hamuaniki, nitoe hizo kamba, shuka yangu inaburuza kwa vumbi."

Baba alicheka kwa pua, kicheko kifupi kilichochoka, na nikajua wataanika.

Kesho yake alinikalisha kwenye ile ndoo. Aliniita nyara, binti yangu, kwa lugha ya kwao, kama alivyoniita alipotaka tuongee sawa sawa. Aliniuliza nani alinidanganya kwamba amevuliwa cheo. Nikamtajia shati. Mama akaleta shati jipya, tepe zimeshonwa juu yake, akanionyesha. Lile la zamani lilikuwa limechakaa shingoni, na tepe zenyewe zilikuwa bado nzima, ndiyo sababu alizifumua. Lakini sikuridhika. Jambo moja lilikuwa bado limenikwama.

"Kama Nakato si mkubwa wako, kwa nini unamwita afande?"

"Kwa kazi, mimi ni afande yake," baba akasema. "Hapa kwa kamba, yeye ni afande yangu. Yeye anajua, mimi sijui."

"Na tepe zako?"

"Tepe naacha kwa mulango."

Kisha akanifundisha kwamba kamba tano ni ile mistari mitano ambayo noti huandikwa juu yake. Soksi nyeusi ni sauti fupi, nepi nyeupe ni sauti ya kuvuta. Ikiwa kamba ya juu, sauti iko juu. Ikiwa ya chini, iko chini. Ubao wangeuona watu, ndiyo maana Nakato alifikiria nguo, kwa kuwa kambini hakuna anayetazama nguo za mwenzake zaidi ya kuona kama zimeibiwa. Akanionyesha wimbo mzima ulioanikwa, akauimba polepole huku mkono ukienda na kurudi, na mimi niliona, kweli niliona, soksi zetu zilizotoboka zinaimba. Sijawahi tena kuwa na furaha ya namna ile. Nimesoma mengi baadaye, nina vyeti kwenye fremu, na hakuna hata kimoja kilichonipa nusu yake.

Watu waliendelea kucheka kwa siku kadhaa. Watoto wa bombani walinipita wakisukuma mikono mbele na nyuma. Baba alianika tu. Nakato alirudi, kwanza kwa woga, halafu akazoea, na Mama Halima akamletea kiti, akasema ndoo inaharibu mgongo wa msichana. Kisha jioni moja nikamwona Koplo Odong amesimama penye upenyo wa ua. Mkononi ameshika soksi moja nyeusi, inachuruzika maji.

"Mama," akamwambia mama yangu, hamtazami baba kabisa, "kwa hiyo kamba yenu, kuna nafasi?"

Mama alimtazama mpaka soksi ikamaliza kuchuruzika. "Iko," akasema. "Lakini pini kuja na yako."

Kumbe naye alikuwa anageuza karatasi pale jirani alipogeuza. Wakati fulani nimekaa nikawaza kwamba jirani yake alikuwa baba.

Siku ya mtihani walifungiwa katika ukumbi wa mazoezi, na mimi na Mama Halima tulikaa nje chini ya dirisha, yeye na tasbihi yake. Waliitwa mmoja mmoja. Tromboni zilikuwa kadhaa, lakini ya baba niliijua kama unavyojua kikohozi cha mtu wa nyumbani. Ilianza vizuri. Ikaenda, ikapanda, halafu katikati ikakosea, ikanyamaza. Nilihesabu pumzi zangu. Niliona lori, vitanda vyetu juu ya lori, gunia la tromboni limefungiwa sufuria. Mama Halima aliacha kusogeza shanga.

Ndani, baba akasema kitu. Sikulisikia neno lenyewe, lakini niliijua sauti, na baadaye Nakato alituambia. Kiongozi alimwambia inatosha, aketi. Baba akasema, "Tena, afande." Na kabla hajajibiwa akarudi pale alipokosea, akapita polepole mno, kama mtu anayevuka mfereji wa Bwaise mvua imejaza, akafika ng'ambo.

Alitoka, akaketi kwenye ukingo wa baraza, akafungua kamba za viatu. "Nimebaki," akasema, na hakuna shangwe yoyote katika sauti yake. Alibaki kwa kurudishwa nyuma. Zile sehemu za kupiga peke yake, ambazo watu uwanjani walimgeukia, alipewa kijana aliyesoma upesi zaidi, na baba akapangwa sauti ya pili mpaka alipostaafu. Koplo Odong naye alibaki. Mpiga ngoma mmoja aliyekataa kuja kwenye kamba alipelekwa mbali, na mke wake alilia pale bombani mama zetu wakimshika mabega.

Wiki ile ile mama aliuliza kama sasa anaweza kuzitoa kamba. "Umepita, si umepita?"

"Ziache," baba akasema. "Kuna noti za chini bado sijui."

Aliziacha. Tulipohamia Kyebando alipostaafu, alifunga nyingine huko, na jirani zetu wapya walidhani tuna kazi ya kufulia watu. Lakini sitaki kuisimulia hadithi hii kama yule kijana wa tai. Kuna kitu kilipotea. Baba hakufumba tena macho alipopiga. Yalikuwa wazi, yamekaza, yanatafuta, na ule uso uliotulia haukurudi kwa miaka mingi. Niliuchukia huo utafutaji. Nilipokuwa msichana mkubwa nilimuuliza kwa nini hafumbi macho kama zamani. "Nikifumba, naona tu ile ninayojua," akasema. Sikukubaliana naye, na mpaka leo sijui kama nimekubaliana naye.

Mwishoni alipooza upande wa kulia, ule wa mkono wa tromboni. Mimi ndiye nesi wa nyumba, basi nikawa namfundisha kushika kijiko kwa mkono wa kushoto. Uji ulikuwa unamwagika kifuani, namfuta, tunaanza upya. Nilikuwa nikitoka kazini nimechoka kama nilivyochoka kwenye zile ngazi. Siku moja nilimwambia, "Baba, leo inatosha, nitakulisha mwenyewe." Nusu ya mdomo wake haikuwa ikifanya kazi, lakini alikiinua kijiko kile kitupu. "Tena," akasema. "Tena, afande." Nililia mbele yake, na yeye akanisubiri nimalize.

Yule askari wa hosteli alimaliza kung'arisha mkanda wake, akafunika kikopo, akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia siumwi. Nilivaa kiatu. Mlango wa darasa ulikuwa umefunguliwa. Kitambulisho changu cha kazi kilikuwa kinaning'inia shingoni, na cheo changu kimeandikwa kwa herufi kubwa. Nilikivua nikakitia mkobani, nikaingia.

Sikufanya vizuri. Ningependa kuandika kwamba nilifanya vizuri. Mgonjwa wangu wa mazoezi nilimpa dawa ya mwingine, mashine ikalia, nikafuta, nikakosea mahali pengine kabisa. Wenzangu walikusanya mikoba yao wakaondoka. Chini, wachapishaji wa kando ya barabara walikuwa wanafunga vibanda vyao. Ivan akavuta kiti karibu yangu.

"Mama," akasema kwa ile sauti yake, "leo umechoka. Wewe nenda upumzike. Mimi nitaandika kwamba umemaliza, hakuna mutu atajua."

Alimaanisha vizuri kabisa. Na nilikuwa nimechoka, Mungu ni shahidi, nilikuwa nimechoka mpaka kwenye meno. Nilivisukuma viatu chini ya meza.

"Tena, afande," nikamwambia.

Ivan akageuka kutazama nyuma yake, aone ni nani aliyeingia.

"Ni wewe," nikasema. "Nirudishie mwanzo."